Siku tano Palermo na Shangazi: tulichokula na tulichokiacha

Jumatano, 10 Desemba

Shangazi yangu ni mpishi wa harusi Mombasa. Hali kitu mpaka ajue kimepikwaje, kwa mafuta gani, na nani kashika mwiko. Alipokuja kunitazama Bologna, ninakosoma, ilipofika siku ya nne alikuwa amechoshwa na mayai. Bologna ni mji wa mortadella, soseji nene ya nguruwe. Nguruwe yumo kwenye mchuzi, yumo kwenye mkate, yumo ndani ya tambi zenyewe. "Mwanangu," akaniambia, "nchi nzima ndiyo hivi?" Nikakata tiketi mbili za ndege kwenda Palermo, kisiwani Sisilia. Nilishafika huko mara moja, na tangu siku ile nilitamani macho yake yaone nilichokiona.

Uwanja wa ndege umebeba majina ya Falcone na Borsellino, majaji wawili waliouawa na genge la wahalifu la Mafia mwaka 1992. Kutoka hapo basi hufuata bahari, upande wa pili milima ya mawe matupu, na kwa muda wa karibu saa moja unafika mjini. Tulipanga chumba mtaa wa Kalsa. Nikamweleza Shangazi kwamba jina hilo ni la Kiarabu, al-Khalisa, kwani Waislamu walitawala hapa tangu 831 hadi 1072. Akalirudia polepole: "Khalisa. Halisi." Jioni tukapanda barabara kuu ya Vittorio Emanuele, ambayo wenyeji wanaiita Cassaro, maana yake njia ya kwenda kwenye al-qasr. Hilo sikuhitaji kumfasiria. "Kasri," akasema, akaendelea kutembea.

Chakula cha kwanza kilikuwa panelle. Unga wa dengu unakorogwa kwa maji na chumvi, unapikwa kama ugali hadi uanze kuachana na sufuria, unatiwa majani ya kotimiri ya Kizungu, kisha unatandazwa mwembamba na kuachwa upoe. Ukishashika unakatwa vipande, vinakaangwa kwenye mafuta mengi. Vinatiwa ndani ya mkate wa duara uliopakwa ufuta, unakamuliwa limau, basi. Mkate mzima haukufika yuro nne.

Shangazi alisimama mbele ya karai dakika kumi kabla ya kuonja. Alitaka kujua mafuta. Nikamuuliza muuzaji, akainua dumu tulione: mafuta ya mbegu. Nikauliza kuhusu mkate, kama una strutto. Hilo ndilo neno la kushika ukienda Sisilia na hutaki nguruwe. Strutto ni mafuta ya nguruwe, na yanajificha mahali ambapo hukuyatarajia. Akatuambia mkate wake hauna. Shangazi akang'ata, akatafuna, akafumba macho. "Bhajia hii," akasema. "Bhajia ya watu wasiokuwa na pilipili." Akaongeza limau, akala yote, kisha akaomba na cazzilli, viazi vilivyopondwa na majani ya nanaa na kukaangwa vidole vidole. Kwetu tungeita katlesi, ingawa hazina nyama. Tulilala tumeshiba.

Alhamisi, 11 Desemba

Ballarò. Siku yote tumeimalizia Ballarò, na ningerudi kesho kama si mvua iliyotabiriwa.

Ni soko la mtaani, limebanana kati ya majumba ya kale, vitambaa vyekundu vimetandwa juu ya meza ili samaki na nyanya zing'ae. Wauzaji wananadi kwa sauti inayopanda na kushuka kama ya mtu anayesoma kasida. Wenyewe wanaiita abbanniata. Muuza limau anajibizana na muuza samaki, kila mmoja na mahadhi yake. Shangazi alisimama kusikiliza, akasema Marikiti ya utotoni mwake ilikuwa hivi.

Samaki alitaka kuwajua mmoja mmoja. Jodari aliyekatwa minofu mikubwa myekundu. Samaki upanga, kichwa chake kimesimamishwa juu ya barafu na ule mdomo mrefu ukielekea juu. Shangazi akamwita nduwaro, na sikuona sababu ya kubishana. Sadini wabichi kwa makarai. Na pweza. Mzee mmoja alikuwa na sufuria inayotokota, anamtoa pweza mzima mwekundu, anamkatakata juu ya sahani mbele yako, anakamua limau, hakuna zaidi ya hapo. Tulikula tumesimama. Alikuwa laini kupita wetu. Shangazi akaniambia nimuulize anampiga mara ngapi kabla ya kumchemsha. Yule mzee akacheka, akaonyesha kwa mkono: anamchovya kwenye maji yanayochemka mara tatu akimwinua, ndipo anamwacha humo. Wakaongea mikono kwa mikono, mimi nikawa sina kazi.

Mbele kidogo moshi ulifunika njia. Hiyo ni stigghiola: utumbo wa kondoo uliozungushwa juu ya kitunguu cha majani na kuchomwa makaa. Unanukia mpaka unaumia. Hatukula kwa kuwa hatukujua mchinjaji ni nani, lakini nakuandikia wewe ambaye huna kizuizi: fuata moshi, kula ikiwa moto, na chumvi na limau juu yake.

Vivyo hivyo pani ca meusa, mkate wa wengu. Wengu na mapafu ya ndama huchemshwa, hukatwa nyembamba, kisha hupashwa ndani ya strutto. Ukiutaka mtupu unasema schietta, yaani mwali. Ukiutaka na jibini unasema maritata, aliyeolewa. Husimuliwa kwamba ulianza kwa wachinjaji wa Kiyahudi wa mji huu, ambao hawakupokea fedha kwa kazi ya kuchinja, wakabakiwa na viungo vya ndani na kuviuza na mkate, hadi Wayahudi walipofukuzwa Sisilia mwishoni mwa karne ya 15. Karibu na kanisa la San Francesco kuna duka, Antica Focacceria San Francesco, linalouza mkate huo tangu 1834. Tuliingia kuangalia tu, nikamnunulia Shangazi panelle nyingine. Iliniuma kidogo kwamba chakula kilichoanza kwa watu wasiogusa nguruwe leo kinazamishwa kwenye mafuta yake.

Mchana ikapita tuktuk. Kweli, tuktuk, ile ile Piaggio inayotubeba Mombasa, ila nyuma yake imejengwa kabati la vioo lililojaa mikate mipana. Hapa inaitwa lapa. Kipaza sauti kinalia "chi ciavuru!", harufu iliyoje! Anauza sfincione, mkate mnene laini kama sifongo, juu yake nyanya na vitunguu vilivyopikwa taratibu mpaka vikawa vitamu, visamaki vya chumvi, jibini, oregano na chenga za mkate. Ni chakula cha mwezi huu wa Desemba hasa. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10 aliyefika Palermo, aliwalaumu watu wake kwa kula vitunguu vibichi asubuhi na jioni, akidai vimewaharibu akili. Nilipoonja sfincione nilijiambia waliacha vibichi wakajifunza kuvipika, na hakuna aliyepoteza.

Chakula cha mezani tulikula Moltivolti, mkahawa uliofunguliwa 2014 pembeni ya soko, wapishi wake wametoka nchi mbalimbali na orodha ya vyakula inachanganya Sisilia na kwao. Tulichagua kuskus ya mboga. Ballarò yenyewe imejaa Waafrika wa magharibi na Wabangladeshi, na duka la muhogo na bamia haliko mbali na la artichoki.

Jambo moja la mwisho kwa leo. Kwenye meza ya peremende kulikuwa na vipande vya ufuta na asali, vigumu, vinang'aa. Nikauliza jina. "Cubbaita," muuzaji akasema. Shangazi alikuwa ameshageuka kuondoka, akarudi. "Kasemaje?" Nikarudia. "Gubiti," akasema yeye. "Hiyo ni gubiti." Mtu akamnunulia mtoto wake kipande, mtoto akakiangusha kwenye maji machafu, na mama mmoja aliyekuwa karibu akasema "mischinu!" kwa huruma. Maskini. Shangazi akanishika mkono, akakaa kimya hadi tulipofika kona.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua asubuhi. Tulikunywa kahawa kwa kusimama, kama watu wa hapa, tukaingia kasri la Wanormani.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana ndilo lililonileta. Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini ya Ufaransa, walipouteka mji hawakuwafukuza mara moja wajuzi wa Kiarabu. Mfalme Roger wa Pili alimweka al-Idrisi, akamwagiza aandike jiografia ya dunia nzima, na kitabu kikamalizika mwaka 1154. Katika kitabu hicho hicho al-Idrisi ametaja Trabia, mji mdogo mashariki ya Palermo penye maji na vinu, ambako, anasema, walitengeneza itriya, tambi kavu za ngano, wakazisafirisha kwa majahazi kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Na katika kitabu hicho hicho, kurasa nyingine, ametaja pwani ya Zanj: Malindi, na Mombasa. Nilimwambia Shangazi tukiwa chini ya dari la kanisa la ndani ya kasri, lile la mbao lililochongwa na mafundi wa Kiislamu, lenye maandishi ya Kiarabu yanayomwombea mfalme Mkristo baraka. "Kwa hiyo mtu aliyekaa hapa," akasema, "alijua sisi tuko." Alijua. Na tambi alizijua pia.

Kutoka hapo hadi kanisa kuu ni mwendo mfupi. Kwenye baraza ya mlango wa kusini, nguzo ya kushoto, imechongwa aya ya 54 ya Sura ya Al-A'raf. Shangazi aliisoma kwa kidole bila kuigusa. Kisha tukapita Via del Celso, ulipo msikiti uliokuwa kanisa zamani. Vibao vya majina ya mitaa katika mtaa wa kale wa Wayahudi, karibu na hapo, vina Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu.

Njaa ikatusukuma hadi mtaa wa Borgo Vecchio, kwenye mkahawa wa Piccolo Napoli, iliyoko tangu 1951. Huko ni samaki. Nilimwomba mhudumu atuambie kipi hakina mvinyo, naye hakuona taabu, alikwenda jikoni mara mbili.

Kwanza caponata: biringani zilizokaangwa zikachanganywa na seleri, zeituni na keperi, vile vitumba vya maua vya chumvi, ndani ya nyanya yenye siki na sukari. Huliwa ikiwa imepoa, na siku ya pili ndiyo tamu. Shangazi aliitazama kama mtu anayemsoma mwenzake. Akasema ni achari iliyoamua kuwa mboga, na kwamba siki ilitiwa mwishoni, moto ukiwa umezimwa. Alipouliza, ikawa ni kweli.

Pili, sarde a beccafico. Sadini wanapasuliwa, wanatolewa miba, wanakunjwa na chenga za mkate, zabibu kavu na mbegu za msonobari, wanapangwa na majani ya bay, wanaokwa na maji ya machungwa. Jina linatokana na ndege mdogo, beccafico, aliyekuwa chakula cha makabaila. Watu wasio na uwezo wakaiga kwa sadini, na mkia unaachwa umesimama kama wa ndege.

Tatu, tambi. Kila mtu atakuambia ule pasta con le sarde, tambi za sadini na shamari mwitu, nami nasema hivyo hivyo, ila ni chakula cha masika, shamari inapochipua. Desemba kula tambi za koliflawa. Koliflawa ya hapa ni ya kijani, inachemshwa, inakorogwa na vitunguu, visamaki vya chumvi, zabibu, mbegu za msonobari na zafarani mpaka inavunjika yenyewe, na juu badala ya jibini unanyunyiza chenga za mkate zilizokaangwa. Zabibu na zafarani ndani ya chakula cha chumvi! Bologna ukifanya hivyo watakushangaa. Mombasa tunauita wali wa harusi.

"Sasa nimekula," Shangazi akasema. Alikuwa hajasema hivyo tangu ashuke ndege Italia.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo ni siku ya Santa Lucia, na nilichagua tarehe hizi kwa ajili yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1646 kulikuwa na njaa, na siku ya mtakatifu huyo meli ya ngano ikatia nanga. Watu hawakungoja kusaga. Waliichemsha nafaka nzima wakala. Mpaka leo, tarehe 13 Desemba, watu wa Palermo hawagusi mkate wala tambi. Wanakula wali na ngano nzima.

Wali maana yake arancine. Na hapa uwe mwangalifu na neno: Palermo ni arancina, jinsi ya kike, duara kama chungwa; Catania, upande wa pili wa kisiwa, ni arancino na ina ncha. Ukikosea utasahihishwa kwa upole, lakini utasahihishwa. Ni wali wa zafarani uliofungwa kuzunguka kitu, ukachovywa, ukapakwa chenga za mkate, ukakaangwa. Zilizozoeleka ni mbili: ya nyama, yenye rojo na njegere, na ya siagi, ambayo Muislamu asidanganyike na jina, kwani ndani ina nyama ya paja la nguruwe.

Sisi tulidanganyika kwa njia nyingine. Dukani tulikopanga foleni tangu saa nne, watu hadi barabarani, niliomba mbili za mchicha. Shangazi hakung'ata. Aliipasua kwa mikono, kama anavyofanya na kila kitu, na ndani kulikuwa na nyama ya rangi ya waridi. Wamechanganya trei. Nilirudi nimekunja uso, ila kijana wa kaunta alipoona ushungi wa Shangazi aliweka mkono kifuani, akaomba radhi, akatupa nyingine akizipasua yeye mwenyewe tuone, na pesa akakataa. Tangu hapo nasema: siku ya msongamano pasua kwanza.

Ilikuwa ya thamani ya foleni. Ganda linavunjika, wali wenyewe una umajimaji, mchicha na jibini vinavutika. Shangazi alikula moja, akataka kujua wali unapoa muda gani kabla ya kufinyangwa. Usiku kucha, aliambiwa.

Alasiri tukaenda Piazza Bellini, kwenye monasteri ya Santa Caterina. Watawa wa Palermo walikuwa mafundi wa halua na vitamu kwa karne nyingi, na ndani ya monasteri hii kuna duka, I Segreti del Chiostro, linalopika kwa mapishi yao. Unanunua, unatoka, unakaa uani penye michungwa na chemchemi katikati. Tuliuliza mambo mawili kwa kila kitu: strutto, na pombe. Ganda la cannolo, bomba la unga lililokaangwa na kujazwa ricotta, jibini laini, kwa desturi lina vyote viwili, mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala, basi tukaliacha. Ricotta yake ya maziwa ya kondoo niliiangalia kwa uchungu, sitaficha. Lakini cuccìa tuliila: ngano nzima iliyolowekwa siku tatu, ikachemshwa, ikachanganywa na ricotta ile ile, sukari, boga lililogandishwa kwa sukari na vipande vya chokoleti. Punje inapasuka chini ya jino, na ricotta ni baridi. Shangazi akakumbuka ngano ya bokoboko, nami nikakumbuka mikono yake ikiipiga sufuriani kabla ya alfajiri ya Idi.

Tukachukua na frutta martorana, matunda madogo ya lozi na sukari, yamefinyangwa na kupakwa rangi hadi tini inaonekana imeiva. Hayana ila lozi na sukari. Jina ni la monasteri jirani. Cassata iliyokuwa pale, keki ya ricotta, jina lake ambalo wengi hulirudisha kwenye qas'a, bakuli, ni ya Pasaka kwa asili. Tuliitazama tu, kijani na nyeupe, imepambwa kama bibi harusi.

Usiku, mjini kote, harufu ya mafuta ya kukaangia. Tulikula panelle tena, safari hii bila mkate, maana leo hata sisi tulifuata mwiko wa wenyeji.

Jumapili, 14 Desemba

Ndege saa nane. Asubuhi Ballarò kwa haraka: kilo moja ya unga wa dengu wa Sisilia, gubiti robo kilo, keperi za chumvi, na machungwa manne tuliyoyamaliza kwenye basi. Yule mzee wa pweza alimtambua Shangazi kwa mbali, akanyanyua mkono, akaonyesha vidole vitatu.

Baada ya wiki tatu

Shangazi amerudi Mombasa. Jana alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake karai linalia. Unga wa Sisilia ulikwisha kwa jaribio la kwanza, majirani walikuwa wengi. La pili amefanya na unga wa Marikiti, akautandaza juu ya sinia, akauacha upoe mpaka baada ya adhuhuri. Anasema zimetoka, nyembamba vile vile, zimevimba vile vile. Ametia pilipili ya kijani na giligilani. Na kuna harusi Kibokoni mwezi ujao, bibi harusi mwenyewe ameonja, anazitaka mezani.